Church hakukaa mlimani akachora alichokiona

Watu wengi wakiona ule mchoro wa Frederic Church, mchoraji Mmarekani, Heart of the Andes wa 1859, wanadhani jamaa alikaa sehemu moja kule Amerika Kusini akachora kilichokuwa mbele yake basi. Sio kweli bana, hiyo sehemu haipo kabisa. Church alienda huko mara mbili, 1853 na 1857, akawa anachorachora kwenye karatasi, jani hapa, mti pale, mlima Chimborazo kule, halafu akarudi New York akaviunganisha vyote studio kwenye turubai moja yenye upana wa kama mita 3.

Sasa wengine wakisikia hivyo wanaruka upande wa pili, eti basi ni uongo mtupu. Wapi! Alikuwa kamsoma Humboldt, yule mwanasayansi Mjerumani aliyeonyesha jinsi mimea inavyobadilika kadiri unavyopanda mlima, ndo maana chini kuna msitu mzito, katikati panafunguka, juu kabisa theluji tupu (waliopanda Kilimanjaro wanaijua hiyo). We zoom pale chini kushoto, majani kayachora moja moja, na kwenye gome la mti lenye mwanga kaweka jina lake na mwaka utadhani kachonga kwa kisu.

Ulipoonyeshwa New York watu walilipa senti 25 kuingia, wengine wakaja na vidarubini vya opera kukagua mmea mmoja mmoja, na mi naona hao ndo walijua kuuangalia, maana ukiutazama wote kwa mpigo unaishia kuona mlima tu.