Mbio zako za kwanza: maswali ya anayeanza kukimbia

Mbio za barabarani za kilomita 5, 10 na 21 zimekuwa nyingi mijini kwetu, na wengi wanaojiandikisha hawajakimbia tangu walipomaliza shule. Wengine hukata tamaa kabla ya siku yenyewe, na wengine hufika siku hiyo wakaumia. Matatizo yote mawili mara nyingi huletwa na jambo moja: kukimbia kwa kasi kubwa mno, mapema mno.

Sijawahi kufanya mazoezi. Nijiandae kwa muda gani kabla ya kilomita 5?

Wiki 10 zinamtosha mtu mzima mwenye afya anayeweza kutembea nusu saa bila taabu. Fanya mazoezi siku 3 kwa wiki, na usizifuatanishe: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa mfano. Kila zoezi lianze kwa dakika 5 za kutembea haraka na liishie kwa dakika 5 za kutembea taratibu. Hapo katikati, wiki ya 1 na ya 2 kimbia dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara 8. Wiki ya 3 na ya 4 kimbia dakika 2, tembea 2, mara 6. Wiki ya 5 na ya 6 kimbia 4, tembea 2, mara 5. Wiki ya 7 na ya 8 kimbia 8, tembea 2, mara 3. Wiki ya 9 jaribu dakika 20 hadi 25 bila kutembea. Wiki ya 10 punguza: mazoezi mawili mafupi ya dakika 15, kisha siku 2 za kupumzika kabla ya mbio.

Wiki ikikushinda, irudie. Hakuna ubaya wowote. Ubaya uko kwenye kuruka wiki kwa sababu pumzi imekuwa nzuri. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana mtu hufika wiki ya 4 akajisikia ana nguvu, akaongeza mazoezi maradufu, na baada ya siku chache ugoko unamuuma hata akiubonyeza kwa kidole.

Nikikimbia dakika chache tu nahema kupita kiasi. Mapafu yangu yana shida?

Kwa wengi jibu ni hapana: wanakwenda kasi kuliko uwezo wao wa sasa. Kipimo kizuri hakihitaji saa. Kumbuka mchakamchaka wa shuleni: kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, na msafara unasonga. Hiyo ndiyo kasi yako ya mazoezi kwa miezi ya mwanzo. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza. Ukipunguza bado ukahema, tembea mpaka pumzi itulie, kisha uanze tena.

Kwa anayeanza, kasi hiyo inaweza kuwa dakika 8 au 9 kwa kilomita, na watembea kwa miguu wenye haraka watakukaribia. Isikusumbue. Hata wanariadha wakubwa wa Kenya, siku zao za mazoezi mepesi, hukimbia polepole kiasi cha kumshangaza mgeni. Mwili hujenga mishipa midogo ya damu kwenye misuli na uwezo wa kutumia mafuta kama nishati katika mwendo huo huo wa taratibu.

Ila ukipiga miluzi kifuani, ukikohoa kila baada ya kukimbia, au ukihema hata ukipanda ngazi chache, nenda kapimwe. Pumu na upungufu wa damu ni sababu za kawaida, na wanawake wenye hedhi nzito wasiipuuze hii ya pili.

Nani amwone daktari kabla ya kuanza?

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu au pumu, mjamzito, aliyewahi kuzimia au kubanwa kifua akifanya kazi ya nguvu, na mwenye ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Kupimwa hakumaanishi kukatazwa. Wengi wao huruhusiwa na kufaidika sana, wakipewa masharti: mwenye pumu atembee na dawa yake ya kuvuta, anayetumia insulini awe na glukosi au pipi mfukoni. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Pima malaria, tibiwa, subiri homa iishe, kisha urudi kwa dakika chache za kutembea na kukimbia.

Nilianza kwa ari kubwa, sasa wiki ya tatu sitaki hata kuziona raba. Nifanye nini?

Kwanza tafuta sababu, maana tunaiita uvivu haraka mno. Kama kila ukikimbia unarudi nyumbani hoi, akili imejifunza kwamba raba maana yake ni mateso, na inakukinga nazo. Dawa ni kupunguza kasi, na kufupisha zoezi mpaka umalize ukiwa bado na hamu kidogo.

Sababu ya pili ni mizani. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kilokalori 350 hivi, ambazo chapati moja na chai ya maziwa yenye sukari zinaweza kuzirudisha. Aliyeingia barabarani ili apungue tu, baada ya mwezi anaona sindano ya mizani haijasogea, anaacha. Na anaacha wakati moyo, presha, usingizi na sukari vimeanza kunufaika. Chagua kipimo kingine. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika 1 kila Jumapili asubuhi kabla hujatoka kitandani. Kwa wengi hushuka kadiri mazoezi yanavyoendelea. Au chagua njia moja fupi mtaani kwako, uipite kila baada ya wiki 4 kwa mwendo uleule wa kuzungumza, uone muda.

Sababu ya tatu ni kutokuwa na saa maalumu. "Nitakimbia nikipata nafasi" humezwa na foleni, wageni na kazi. Fungamanisha mazoezi na jambo ambalo tayari lipo: mara tu baada ya swala ya alfajiri, au kabla ya kuoga jioni. Weka nguo na raba mlangoni usiku. Siku mwili unapogoma, jipe ahadi ya dakika 10 tu. Zikiisha na bado hutaki, rudi nyumbani bila kujilaumu. Mara nyingi ukishatoka utaendelea, kwa kuwa kizito ni kule kutoka.

Chenye nguvu kuliko yote hayo ni watu. Klabu za jogging za mitaani zimewaweka barabarani maelfu ya watu ambao peke yao wasingedumu. Huna klabu? Mtu mmoja anayekusubiri kwenye kona saa 12 asubuhi anatosha. Chagua wa mwendo wako, maana ukiambatana na mwenye kasi utarudi kwenye tatizo la kwanza. Na tahadhari na makundi ya simu yanayobandika muda wa kila mtu. Ukiona yanakufanya ukimbie kila siku kama mashindano, yazime kwa miezi 2, uandike mazoezi yako kwenye daftari: tarehe, dakika, na ulivyojisikia kwa alama 1 hadi 5. Alama zikiwa chini mara 3 mfululizo, unahitaji kupumzika au kula na kulala vizuri zaidi.

Nimekosa wiki mbili kwa msiba na safari. Nianze upya?

Hapana. Ukikosa wiki 1, rudi pale ulipoishia. Ukikosa wiki 2, rudi nyuma wiki 2 za ratiba. Ukizidi mwezi, anza na nusu ya dakika ulizokuwa unafanya. Usijaribu kulipa deni la mazoezi uliyokosa kwa kuyafanya yote pamoja; hapo ndipo watu huumia.

Kwa anayefunga Ramadhani: dakika 20 hadi 30 nyepesi, zikiisha karibu na futari ili unywe maji mara moja, au saa 2 baada ya futari nyepesi. Mwezi huo lengo ni kutopoteza, si kuongeza.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa zikiwa bado na uhai. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, iache. Weka kiatu mezani uangalie kisigino: kikilala upande mmoja, kimezoea mguu wa mwingine. Kati ya kidole kirefu na ncha ya raba pabaki upana wa kidole gumba, kwa sababu miguu huvimba, na kucha nyeusi hutokana na raba inayobana mbele. Soksi za pamba tupu hushika jasho na kuleta malengelenge. Zenye nailoni ni bora. Mapaja, kwapa na chuchu zinazochubuka zipake mafuta ya mgando. Wanawake watafute sidiria ya michezo inayoshika vizuri, hata ikibidi kutumia zaidi kwenye hiyo kuliko kwenye fulana.

Na barabarani, kwa kuwa magari ya Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto, wewe kimbia upande wa kulia uyaone yakija. Kukiwa bado giza vaa nguo nyeupe, na ukisikiliza muziki kwa visikizi, sikio moja libaki wazi.

Nichague mbio zipi?

Kilomita 5, zilizo umbali wa wiki 10 hadi 12, mahali unapoweza kufika bila kusafiri usiku kucha. Angalia pia hali ya hewa na ardhi. Dar es Salaam na Mombasa, kuanzia Novemba hadi Machi, joto na unyevu hufanya jasho lisikauke, mwili ukashindwa kupoa. Juni hadi Agosti ni nafuu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani atahema zaidi kwa kasi ileile. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika Moshi tangu 2003, zina kilomita 5 pamoja na 21 na 42. Wageni wengi huvutiwa na nusu marathoni, lakini njia yake inapanda mlima kwa kilomita nyingi kabla ya kuteremka. Isiwe ya kwanza.

Siku ya mbio nile nini, ninywe nini?

Usijaribu kitu kipya. Saa 2 au 3 kabla, kula chakula chepesi ulichokizoea: uji, mkate na asali, ndizi mbivu. Maharage, vitu vya kukaanga na maziwa mengi viache, kwa kuwa tumbo likitikiswa huchafuka. Mbio zikianza saa 12 asubuhi na huwezi kuamka saa 9 usiku, kula vizuri jioni yake na asubuhi chukua ndizi moja.

Kunywa maji ukiwa na kiu. Kwa kilomita 5 mafundo machache yanatosha. Kwa 10, nusu glasi kwa kila kituo. Kunywa lita kwa lita ukiogopa kukaukiwa ni hatari pia, hasa kwa wanaotumia saa nyingi barabarani: chumvi kwenye damu hupungua, kichwa kinauma, vidole vinavimba, mtu anatapika na kuchanganyikiwa. Usimeze diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia ili kuzima maumivu. Figo hupata damu pungufu unapokimbia kwenye joto, na dawa hizo huziongezea mzigo.

Na mbio zenyewe nizikimbie vipi?

Fika saa 1 kabla. Namba ibandikwe kifuani kwa pini 4 jana yake, choo utakuta foleni. Simama nyuma ya kundi. Tuseme unataka kumaliza kwa dakika 40, yaani dakika 8 kwa kilomita: kilomita ya kwanza iende kwa dakika 8 na sekunde 30. Utapitwa na watu wengi, muziki utakusukuma, na mwendo utaonekana mwepesi mno. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dakika za mwanzo mwili haujatoa taarifa ya gharama. Anayekurupuka huletewa bili kwenye kilomita ya 2. Kilomita ya 2 hadi ya 4 shika dakika 8, ya mwisho toa kilichobaki. Kutembea dakika 1 kwenye kituo cha maji ni ruksa. Kichomi kikikushika ubavuni, punguza mwendo, toa pumzi yote taratibu kwa kinywa mara kadhaa, ukipabonyeza.

Nitajuaje kwamba niache?

Simama ukisikia kifua kubana, kizunguzungu, baridi wakati wa joto, maumivu ya mfupa yanayokaa sehemu moja, au ukianza kuchechemea. Mwenzako akiwa wa moto sana, anayumba na maneno yake hayaeleweki, amepatwa na kiharusi cha joto: mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima hapo hapo, ita wahudumu. Usingoje gari ndipo uanze kumpoza.

John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji, na Watanzania tunamheshimu kwa haki. Yeye alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa, akibeba bendera ya nchi. Wewe mbio zako zipo tena mwezi ujao.

Nikishamaliza?

Usikae chini mara moja. Tembea dakika 10, kunywa, kisha kula chakula kamili ndani ya saa 2. Mapaja yatauma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, hasa ukishuka ngazi, na huisha yenyewe. Tembea siku hizo, kimbia tena siku ya 3 au ya 4 kwa dakika 20 nyepesi. Wiki mbili zinazofuata ari hushuka kwa wengi, kwa sababu lengo limekwisha. Kwa hiyo jiandikishe kwenye kilomita 5 nyingine, wiki 6 hadi 8 mbele, kabla ya kufikiria 10. Ukizikimbia zote bila kutembea na bila maumivu yanayobaki, ongeza dakika 5 kwenye zoezi la Jumamosi kila wiki, na kila wiki ya 4 ipunguze, mpaka ufikie dakika 70. Hapo kilomita 10 zitakuwa zimekufikia.