Kutoka kilomita 24 hadi 4: njia ya mbio za magari ya East London

Vijana wanaosomea ufundi wa magari hapa Lubumbashi huuliza mara kwa mara kama mbio za Formula 1, mashindano ya juu kabisa ya magari duniani, zimewahi kufika Afrika. Zimefika. Mwaka 1958 zilifanyika Casablanca, Moroko, kwenye barabara ya pwani ya Ain-Diab, halafu zikahamia Afrika Kusini, nchi ambayo madereva wetu wa malori wanaoshuka kupitia mpaka wa Kasumbalesa wanaijua vizuri. Huko ziliendeshwa kwanza East London, mji wa bandari wenye njia ya mbio iitwayo Prince George, ukingoni kabisa mwa Bahari ya Hindi.

Njia hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana maendeleo yake yalikwenda kinyume na tulivyozoea. Sisi tukisema kitu kimeendelea, tunamaanisha kimekua. Prince George iliendelea kwa kupungua.

Aliyeanzisha ni mwandishi wa habari za magari wa gazeti la Daily Dispatch, Brud Bishop. Aliitazama barabara mpya ya pwani akaona inafaa kwa mashindano. Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 27 Desemba 1934, kwenye barabara za kawaida za watu, mzunguko mmoja ukiwa na kilomita 24 hivi. Mshindi alikuwa Whitney Straight na Maserati yake, akienda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa.

Hebu tupige hesabu. Kwa mwendo huo, gari linamaliza mzunguko wa kilomita 24 kwa dakika karibu kumi. Mtazamaji akishaliona likipita, anabaki kuangalia lami tupu mpaka lirudi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba gari likipinduka upande wa pili, waandaaji wanasubiri habari, na gari la wagonjwa lina safari ndefu ya kulifikia. Barabara yenyewe ina nyumba, ina njia za pembeni, na mtu anaweza kuvuka bila kujua kinachokuja. Kufikia mbio za Januari 1936 njia ilikuwa imekatwa hadi kilomita 19 hivi.

Wakati ule mbio ziliendeshwa kwa kuachiana muda: magari dhaifu yaliondoka kwanza, yenye nguvu yakafuata. Tarehe 1 Januari 1937 walikuja Wajerumani na magari yao ya Auto Union ya silinda 16, mashine zilizokuwa na nguvu za farasi zaidi ya 500. Dereva wao Bernd Rosemeyer alikuwa miongoni mwa wakali wa dunia nzima, lakini alimaliza wa tano. Muda waliopewa wengine ulikuwa mkubwa mno, na matairi hayakuhimili nguvu ile. Aliyeshinda ni Pat Fairfield na gari dogo la ERA. Miaka miwili baadaye Luigi Villoresi wa Italia alishinda na Maserati, kisha vita kuu ikafunga kila kitu.

Mwaka 1959 East London ilianza upya. Safari hii ilijengwa njia ya kilomita 3.9 tu, ikitumia sehemu ndogo ya ile ya zamani, katika eneo lililoinama kuelekea baharini ambapo watazamaji wanakaa juu na kuona kona nyingi kwa pamoja. Gari la Formula 1 la miaka ile lililizunguka kwa chini ya dakika moja na nusu. Hapo ndipo mji ule ulipata kiwanja cha mbio cha kweli, kwa sababu mwendo mkali ulitengewa mahali pake na barabara ikarudishiwa wenyeji.

Mshindi wa Grand Prix (mbio kuu) ya Januari 1960 alikuwa Mbelgiji, Paul Frère. Mwaka uleule alishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, akishirikiana na Olivier Gendebien, ambaye kabla ya umaarufu aliishi na kufanya kazi miaka kadhaa hapa kwetu Kongo.

Tarehe 29 Desemba 1962 wazee wa Lubumbashi wanaikumbuka kwa mambo mengine kabisa. Mji ulikuwa bado Élisabethville, na siku moja kabla, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yameanza operesheni ya kukomesha kujitenga kwa Katanga. Siku hiyohiyo East London iliamua bingwa wa dunia. Graham Hill wa timu ya BRM alikuwa na pointi 39, Jim Clark wa timu ya Lotus pointi 30. Ushindi ulikuwa na pointi 9. Clark akishinda wangelingana, na ubingwa ungemwendea yeye kwa kuwa angekuwa ameshinda mbio nne dhidi ya tatu za Hill.

Clark aliongoza tangu mwanzo. Zikiwa zimebaki kama mizunguko ishirini kati ya 82, moshi ukaanza kutoka nyuma ya Lotus. Bolti moja ndogo ya injini ilikuwa imetoka, kwa kuwa haikuwekewa washa (pete ndogo ya chuma) ya kuizuia isilegee, na mafuta yakamwagika. Hill akapita, akawa bingwa. Nawaomba mafundi wa garaji zetu wasome aya hii mara mbili. Injini hutetemeka kila sekunde, na mtetemo hulegeza bolti hata ikiwa imekazwa kwa nguvu zote. Washa iliyobaki mezani baada ya kufunga injini si ya ziada.

Clark alirudi akashinda mwishoni mwa 1963, na tena tarehe 1 Januari 1965, siku ambayo Jackie Stewart alianza mbio za ubingwa wa Formula 1 na kupata pointi yake ya kwanza. Hayo yote yalitokea chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, zilizowatenga watu hadi kwenye sehemu za burudani. Historia ya kiwanja kile haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kulitaja hilo.

Kuanzia 1967 mbio za ubingwa zilihamia Kyalami, karibu na Johannesburg, kwenye watu wengi na fedha nyingi. Huko ni mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo mashine zilizovuta hewa nzito ya pwani zilifika Kyalami zikiwa zimepungukiwa. Hata sisi Lubumbashi, kwenye mita 1,200 na zaidi, tunaendesha na upungufu huo kila siku.

Formula 1 ilifika Afrika kwa mara ya mwisho mwaka 1993, hapohapo Kyalami. Prince George haikufa. Bado inaandaa mbio za kitaifa za Afrika Kusini, na anayefika East London ataikuta ng'ambo ya mto Buffalo, upande wa West Bank.