Huduma ya utoaji mimba katika masomo ya udaktari: dhana potofu na ukweli

Mwanafunzi wa udaktari anaweza kusikia habari za utoaji mimba katika mhadhara wa maadili ya kitabibu na kuzisikia tena katika mhadhara wa sheria, kisha akahitimu bila kuonyeshwa vifaa vinavyotumika, vipimo vya dawa, wala namna ya kuzungumza na mwanamke aliyekuja kuomba huduma hiyo. Pingamizi zinazotolewa somo hili linapopendekezwa hazitokani kila mara na nia mbaya. Nyingi zimejengwa juu ya picha isiyo sahihi ya kile kinachofundishwa.

Dhana: "Somo hili linamhusu tu daktari anayekusudia kutoa mimba."

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na kazi ya wodini ndiyo inayoikanusha. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika zenyewe, na mwanamke ambaye mabaki ya mimba yamesalia ndani ya kizazi hutibiwa kwa njia zilezile zinazotumika kutoa mimba: vidonge vya misoprostoli, ambavyo pengine hutanguliwa na mifepristoni, au kusafishwa kizazi kwa bomba la kufyonza. Misoprostoli hiyohiyo hutumika kuzuia na kutibu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Daktari asiyefundishwa njia hizi atakutana na mgonjwa huyo vilevile, pengine usiku wa manane akiwa zamu peke yake.

Mafunzo ya vitendo yenyewe hayana ajabu ambayo watu huyawazia. Mara nyingi huanza kwa papai, kwa kuwa umbo lake linakaribiana na la kizazi chenye mimba changa. Mwanafunzi hulibana upande wa kikonyo, unaosimama badala ya mlango wa kizazi, hujifunza mahali pa kuchoma sindano ya ganzi, huupanua mlango polepole, kisha huingiza kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki, na kuiunganisha na bomba la mililita 60 ambalo hewa yake imekwisha kuvutwa. Akifungua vali, mbegu na nyama ya papai huingia ndani ya bomba. Akisukuma kanula kupita kiasi, ncha yake hutokeza upande wa pili, naye huona kwa macho yake jinsi kizazi kinavyoweza kutobolewa, jambo ambalo hakuna mhadhara unaoweza kulieleza vizuri kuliko hivyo.

Dhana: "Kinachofundishwa ni kukwangua kizazi."

Pengine ndivyo ilivyo bado katika baadhi ya vyuo, na hilo ni kosa la kurekebishwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linapinga matumizi ya kifaa chenye makali cha kukwangulia, na linapendekeza ufyonzaji au dawa. Kwa mimba iliyo chini ya wiki 12, utaratibu wa dawa ni miligramu 200 za mifepristoni za kumeza, zikifuatwa siku moja au mbili baadaye na mikrogramu 800 za misoprostoli.

Dhana: "Kufundisha ni kumlazimisha mwanafunzi kwenda kinyume cha imani yake."

Nchini Marekani, tangu 1996, programu za kuwafunza mabingwa wa uzazi zinatakiwa kutoa nafasi ya kujifunza utoaji mimba, lakini anayepinga kwa sababu za kidini au kimaadili huruhusiwa kutoshiriki. Asichoweza kukwepa ni kujifunza kutibu madhara yanayoweza kutokea. Naona mgawanyo huo ni wa haki: dhamiri inaweza kumzuia mtu kutenda, lakini haimpi ruhusa ya kutojua, wala ya kumwacha mgonjwa anayevuja damu bila msaada.

Dhana: "Penye sheria kali hakuna cha kufundisha."

Kinyume chake, hapo ndipo ujinga unapogharimu zaidi. Mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo uliofanyika Cairo mwaka 1994 ulikubaliana kwamba, kwa hali zote, wanawake wapate huduma bora ya kutibu madhara ya utoaji mimba. Zaidi ya hayo, daktari anayefanya kazi chini ya sheria kali anahitaji kuitambua mapema hatari ambayo sheria yenyewe inaitaja kuwa sababu ya kuruhusu mimba itolewe. Oktoba 2012, huko Galway, Ireland, Savita Halappanavar alifariki kwa maambukizi yaliyoenea katika damu akiwa na mimba ya wiki 17 iliyokuwa ikiharibika. Uchunguzi wa idara ya afya ya nchi hiyo ulibainisha kwamba mkazo uliwekwa mno kwenye kutoingilia kati hadi moyo wa kijusi usimame, huku ufuatiliaji wa dalili za maambukizi ukipungua. Ireland ilibadilisha sheria baada ya kura ya maoni ya 2018, na tangu Januari 2019 sehemu kubwa ya huduma hutolewa na madaktari wa kawaida katika kliniki zao, jambo ambalo pia linajibu wale wanaodai kwamba kazi hii ni ya mabingwa peke yao.

Dhana: "Huduma hii huleta ugumba na saratani ya matiti, basi bora isifundishwe."

Mwaka 2003, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwakutanisha wataalamu walioupitia ushahidi, nao wakahitimisha kwamba utoaji mimba hauongezi hatari ya saratani ya matiti. Ugumba hutokana na maambukizi na majeraha, ambayo ni ya kawaida zaidi pale kazi inapofanywa na mikono isiyofunzwa. Kati ya mimba takribani milioni 73 zinazotolewa duniani kila mwaka, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 45 hutolewa kwa njia isiyo salama.

Linabaki dai la ratiba kujaa. Zoezi la papai huchukua alasiri moja, na dawa zinaweza kufundishwa katika wiki zilezile za uzazi zilizokwisha kupangwa. Kigumu zaidi ni kuliingiza somo hili katika mtihani wa vitendo, ambapo mwanafunzi hukabidhiwa mgonjwa wa kuigiza mwenye mimba ya wiki 9, anayetokwa damu na kusitasita kueleza alichomeza, na mtahini hupima kwanza kama amemuuliza bila kumhukumu.