Kabla hujanunua 5G au dishi la setilaiti, uliza data yako inapitia wapi

Wiki iliyopita niliitwa saiba moja kule Kisauni. Mwenye duka ni mama mtu mzima, siku nzima anawafanyia watu mambo ya KRA, eCitizen, kuangalia salio la sacco, na alikuwa amechoka kabisa. "Mwanangu, nimeshapanda kifurushi mara mbili, nikipiga simu naambiwa nipande tena, na kurasa bado zinazunguka tu." Nikachomoa waya kwa rauta nikatia kwa laptopu yangu, nikapima kasi, ikasoma ile ile anayolipia. Hapo ndipo mafundi wengi hufunga begi wakamwambia mama kompyuta zako zimezeeka.

Lakini kile kipimo kinapima safari ya kutoka dukani mpaka sava ya karibu, na mara nyingi hiyo sava imewekwa ndani ya netiwaki ya kampuni yenyewe, sasa itakosaje kusoma vizuri? Nikafuatilia njia ya kwenda tovuti ya sacco yao, kituo kwa kituo. Sava yake iko Nairobi. Data ilitoka Kisauni ikafika Nairobi sawa, halafu ikashuka tena baharini, ikaenda mpaka London, ikageuka, ikarudi Nairobi. Kwenda na kurudi ni milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, 190 na ushei, wakati Mombasa mpaka Nairobi ingetosha kama 10 hivi. Na ukurasa mmoja hauulizi mara moja ukaisha, unauliza na kujibiwa mara nyingi, na kila swali linavuka bahari.

Sababu yake ni kwamba kampuni inayomuuzia intaneti na ile inayohifadhi tovuti hazijaunganika hapa nyumbani. Kila moja inanunua njia ya kwenda ng'ambo, basi zinakutana huko huko ng'ambo.

Na hili si geni. Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilijiunga zikafungua KIXP Nairobi, sehemu ya kubadilishana data ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine isipitie Ulaya au Marekani. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ndiyo peke yake iliyokuwa na haki ya kupitisha data ya nje, ikalalamika, na CCK, tume ya serikali iliyosimamia mawasiliano wakati huo, ikafunga KIXP baada ya kama wiki mbili tu. Ilirudi Februari 2002, baada ya vuta nikuvute ndefu. Mimi hiki kisa nawasimulia vijana wote ninaowafundisha kazi, kwa sababu sheria iliyotumika pale ilikuwa inalinda mapato ya mkubwa mmoja, mteja hakuwemo kabisa kwenye hesabu.

Sasa watu wananiuliza, si tungoje 5G itamaliza haya? Safaricom waliifungua kibiashara Oktoba 2022 na ni kweli kutoka kwa mnara mpaka kwako inakwenda kasi. Lakini mnara ni kipande cha mwisho tu cha njia, nyuma yake lazima kuwe na faiba, na nyuma ya faiba kuna ule uamuzi wa nani kaungana na nani. Data ya yule mama ingepanda 5G na bado ingekwenda London.

Setilaiti nayo, nakubali hizi za chini kama Starlink ni kazi nzuri sana, zinaruka kama kilomita 550 juu, zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000 na ilikuwa unangoja zaidi ya nusu sekunde kwa kila jibu. Mtu wa Marsabit ambaye faiba haijamfikia nitamfungia dishi mimi mwenyewe na kwa moyo mkunjufu. Ila ukiambiwa ndiyo suluhisho la mjini, kataa. Iliingia Kenya Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 ikasimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi imejaa. Eneo moja linagawana uwezo ule ule, mkijaa mmejaa.

Na serikali ikafanya nini? Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni zenyewe, ziingie kwa kushirikiana na kampuni za hapa. Mwaka uliofuata CA ikapendekeza ada ya leseni ya setilaiti itoke dola 12,500 ifike 115,000. Ada! Hiyo pesa mwisho itatoka kwa mteja, na hakuna hata milisekunde moja itakayopungua.

Sisemi sheria zisiwepo, nasema zishike pale panapouma. Mnakumbuka 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora kote. Siku moja kabla CA ilikuwa imesema haina nia ya kuzima, na siku yenyewe tukaambiwa ni nyaya mbili za baharini. Nyaya hukatika kweli, 12 Mei mwaka huo huo EASSy na Seacom zilikatika na ukanda mzima tuliteseka. Lakini rauta kubwa huandika saa na dakika kila njia inapopotea, rekodi zinakuwepo, kwa hivyo CA ilazimishe kila kampuni izitoe hadharani ndani ya siku chache baada ya hitilafu kama hiyo. Na ilazimishe kila mwenye leseni aungane na wenzake hapa nchini, Nairobi na Mombasa. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika hapo, ni waya mmoja na watu wawili wa kuandika mipangilio, kazi ya mchana mmoja.

Nimeziandikia zile kampuni mbili nikaambatanisha njia yote nilivyoiona. Ile ya tovuti imejibu, iko tayari. Hii inayomuuzia mama intaneti bado, na jana nimepima tena, bado inapitia London.