Hukumu Haitoki Kwenye Komenti

Makao makuu ya Mahakama ya Tanzania sasa yako Dodoma, lakini habari za kesi wengi wetu tunazipata kwenye simu, zikiwa zimeongezwa chumvi. Haya ni baadhi ya mambo yanayosemwa sana, na sheria inavyosema.

"Mtandao ukipiga kelele, kifungo kinakuwa kirefu"

Mfano unaotajwa kila mara ni wa hapa hapa. Agosti 2024 video ya binti aliyefanyiwa ukatili na kundi la wanaume ilienea nchi nzima. Septemba 30 mwaka huohuo, Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma iliwahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Vijiweni ikasemwa: mtandao umewafunga.

Kifungo kile hakikutungwa na hakimu, sembuse watu wa mtandaoni. Kifungu cha 131A cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu mzima anayetiwa hatiani kwa ubakaji wa kundi atafungwa maisha, hata kama sehemu yake katika tukio ilikuwa ndogo. Kosa likishathibitika, hakimu hana pa kupandisha wala kushusha. Kelele zetu, kwa maoni yangu, zilifanya kitu kingine: ziliharakisha mambo kabla kesi haijafika mahakamani. Hapo ndipo penye swali zito. Binti wa kijijini Bahi au Chamwino ambaye tukio lake halikurekodiwa, nani anamharakishia?

"Kusambaza video ni kumsaidia mwathirika"

Hapa tunakosea zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha, na inakataza ushahidi huo na mashahidi kutangazwa kwenye vyombo vya habari. Kesi ile ilisikilizwa faragha. Lakini milango ilipofungwa, sura ya binti ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu ya familia, ya kwaya na ya vikoba, ikitumwa na watu waliomhurumia kweli. Mahakama inaweza kuamuru fidia. Haiwezi kuifuta video kwenye simu za watu.

"Skrinishoti si ushahidi"

Wengine husema kinyume chake: ukiwa na skrinishoti, umeshinda. Wote wamekosea. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Hata kabla ya hapo, mwaka 2000, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alishakubali kumbukumbu za kompyuta katika kesi ya benki.

Ila kupokelewa ni jambo moja na uzito ni jingine. Mahakama itauliza ujumbe ulitengenezwa na kutunzwaje, na aliyeutuma ametambuliwa kwa njia gani. Picha moja iliyokatwa juu na chini haijibu maswali hayo. Unamdai mtu hela ya magunia ya alizeti na mlikubaliana WhatsApp? Usifute mazungumzo, na simu yenyewe itunze.

"Kesi ikiwa mahakamani, kila mtu ana haki ya kusema lolote"

Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kuidharau mahakama. Shauri likiwa linaendelea, kuchapisha maneno yanayopotosha mwenendo wake, au yanayoweza kumjengea mtu chuki au upendeleo kwa upande mmoja, ni kosa. Kukosoa hukumu iliyokwisha kutolewa ni jambo jingine kabisa, na mimi naona tunalifanya kidogo mno. Hukumu nyingi zinapatikana bila malipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Wanaozifungua kabla ya kutukana ni wachache.

"Jaji asiyejibu mtandaoni ana la kuficha"

Jaji hujibu kwa hukumu yake. Misingi ya Bangalore ya 2002, inayotumika kama kipimo cha maadili ya majaji duniani, inamkataza kutoa maoni yanayoweza kuathiri shauri lililo mbele yake au linaloweza kumfikia. Ukimtag mara mia, bado hapaswi kukujibu.

Anayeona ameonewa ana njia ya rufaa, na njia hiyo ina saa yake. Katika jinai, kutoka mahakama za chini kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45. Ndugu wa mfungwa wanaoshinda Instagram wiki mbili wakilalamika wanaweza kukuta zile siku 10 zimeshapita.