Maneno ya Kiingereza ya kicheko na tabasamu: dhana potofu na ukweli

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukariri maneno haya kana kwamba yanatofautiana kwa sauti tu: smile ni kimya, giggle husikika kidogo, laugh husikika vizuri, na guffaw ni kuangua kicheko hadi watu wakageuka. Dhana hiyo ina ukweli kwa kiasi fulani, lakini haitoshi. Giggle na snigger vyote ni vicheko vya chini, ila cha kwanza ni cha mtoto anayetekenywa au mtu aliyeona haya, ilhali cha pili ni cha anayemcheka mwenzake kichinichini kwa dharau. Chuckle nacho ni cha chini, lakini ni cha mtu aliyeridhika, pengine akiwa peke yake na gazeti lake. Linalopaswa kuangaliwa kwanza, basi, ni nia ya anayecheka.

Dhana yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba smirk ni tabasamu dogo tu. Mtu akiandika kwamba mwajiri alimpokea kwa smirk, Mwingereza ataelewa kuwa alidharauliwa, kwa sababu neno hilo limebeba majivuno na kejeli. Halikuwa hivyo tangu mwanzo: katika Kiingereza cha kale, smearcian lilimaanisha kutabasamu, wala halikuwa na ubaya wowote, na smile lilianza kuonekana katika maandishi baadaye, mnamo mwaka 1300.

Grin, yaani tabasamu pana linaloonyesha meno, lilipita njia ya kinyume. Wengi hulihesabu kuwa neno la furaha tupu, kumbe asili yake, grennian, ilikuwa kukenua meno kwa maumivu au hasira, na maana hiyo ingali hai katika msemo grin and bear it, unaomtaka mtu astahimili taabu bila kulalamika.

Snicker na snigger si vicheko viwili. Wamarekani hupendelea la kwanza, Waingereza la pili. Wala si maneno yote haya yaliyo ya kale, kwani chortle, yaani kucheka kwa furaha, lilibuniwa na mwandishi Mwingereza Lewis Carroll katika kitabu chake cha mwaka 1871, Through the Looking-Glass.

Wapo pia ambao, wakishajua kwamba laugh at ni kumcheka mtu kwa dhihaka, huogopa kuandika smile at wakidhani nalo ni tusi, ingawa kwa kawaida humaanisha kumtabasamia mtu kwa wema.