Sir Horace Byatt na misingi ya utawala wa Waingereza Tanganyika

Simulizi nyingi za utawala wa Waingereza Tanganyika huanza na Sir Donald Cameron, gavana aliyewasili mwaka 1925 na kuwarudishia machifu na watemi nafasi ya kutawala kwa niaba ya serikali. Kwa mtafiti wa historia ya sheria kama mimi, mwanzo huo umechelewa mno, kwa sababu nguzo ambazo Cameron alizikuta zimesimama, baadhi yake zikiwa bado zimesimama leo, ziliwekwa na mtangulizi wake, Sir Horace Byatt.

Byatt, aliyekuwa amewahi kuongoza utawala wa Waingereza Somalia, alikabidhiwa maeneo yaliyotekwa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, vita vikiwa bado vinapiganwa kusini, na makao yake ya kwanza yalikuwa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya sasa. Maofisa wake walikuwa wachache na nchi hawakuijua, hivyo aliwaacha maakida, maliwali na majumbe waendelee kukusanya kodi na kuamua mashauri madogo kama walivyofanya chini ya Wajerumani. Wapo wanaouita uamuzi huo uzembe. Mimi siafiki: maakida wengi walijua kusoma na kuandika Kiswahili, na kwa kuwabakiza kazini Byatt alikibakiza Kiswahili katika barua na taarifa za serikali wilayani, jambo ambalo uzito wake hausemwi vya kutosha.

Cheo cha gavana alikipata mwaka 1920, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka huo iliunda Mahakama Kuu, ikampa gavana uwezo wa kutunga sheria bila baraza lolote la kutunga sheria, na ikaelekeza kwamba sheria za Uingereza, zile za mapokeo ya mahakama na zile za bunge zenye matumizi ya jumla, zitumike Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mwanafunzi yeyote wa sheria Tanzania anaifahamu tarehe hiyo, maana bado imo katika sheria zetu, na mawakili bado huitaja mahakamani. Juu yake ziliongezwa sheria za India za jinai, ushahidi na mikataba, na ile ya ushahidi ilidumu hadi mwaka 1967.

Mwaka 1922 Byatt alitunga sheria iliyofuta utumwa, ambao Wajerumani walikuwa wameupunguza tu kwa kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru.

Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 1923 ndiyo iliyoacha alama nzito kuliko zote. Ilitangaza ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ya umma chini ya gavana kwa manufaa ya wenyeji, na mgeni angeweza kupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hivyo, haikutamka waziwazi kwamba mkulima anayeishi kwa mila ana haki inayotambulika kisheria. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1928, Byatt akiwa ameshahamia Trinidad. Baada ya uhuru mamlaka hayo ya gavana yalihamia kwa Rais, ambaye chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiye mdhamini wa ardhi yote, na ukomo wa miaka 99 umebaki vilevile.